Umeme wa Kiyoyozi Upangwe Kabla ya Lipu

Anayeongeza chumba kwenye nyumba yake huanza kuwaza kiyoyozi siku chumba kinapokamilika, wakati kuta zimekwisha pigwa lipu na rangi, na hapo fundi hubaki na njia mbili tu: kuchimba ukuta upya au kupitisha waya juu ya ukuta ndani ya plastiki isiyopendeza. Kwa maoni yangu, mpango wa umeme wa kiyoyozi unapaswa kuanza msingi unapochimbwa, tena uanzie kwenye kisanduku cha breka cha nyumba ya zamani na si kwenye chumba kipya, kwa sababu huko ndiko umeme utakakotoka.

Swali la kwanza ni kama umeme unaoingia nyumbani unatosha. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza kinachoandikwa kwenye viyoyozi) kina uwezo wa kupoza wa takribani kilowati 3.5, lakini umeme kinaokula ni mdogo zaidi, kwa kawaida kama kilowati 1 hadi 1.2, yaani karibu ampea 5 kwenye volti 230. Kile cha BTU 24,000 hufika karibu ampea 10. Namba kamili zimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na ndizo za kumpa fundi. Peke yake ampea 5 si mzigo wa kutisha. Tatizo hujitokeza jioni, wakati hita ya maji ya kilowati 3 inayovuta ampea 13, jiko, birika na pampu vinapofanya kazi pamoja na viyoyozi viwili. Jumlisha vitu vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja, kisha ulinganishe na breka kuu. Ikiwa jumla inaikaribia, ongea na shirika linalokuuzia umeme kabla ya kununua mashine, maana kubadilisha breka kuu kwa kubwa zaidi bila kuangalia kebo iliyo nyuma yake ni kualika moto.

Baada ya hapo, kila kiyoyozi kipewe laini yake kutoka kwenye kisanduku, yenye breka yake. Kuunganisha kwenye laini ya soketi za chumba cha jirani ni njia ya mkato nisiyoikubali hata kwa mashine ndogo.

Unene wa waya unategemea pia umbali, na chumba cha nyongeza aghalabu ndicho kilicho mbali kuliko vyote. Chukua mashine ya ampea 10 iliyo mita 25 kutoka kwenye kisanduku: kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, karibu volti 7 hupotea njiani; kwa waya wa 2.5, hupotea kama volti 4.5. Zote mbili ziko ndani ya kiwango cha asilimia 5 ambacho fundi wengi hukifuata, lakini mahali ambapo umeme wenyewe hufika ukiwa hafifu, nisingefikiria mara mbili kuchagua 2.5. Waya unaopita kwenye dari yenye joto, au uliobanwa pamoja na nyaya nyingine, hubeba umeme kidogo kuliko uliowekwa peke yake.

Muulize muuzaji mapema kama mashine hupokea umeme kwenye kipande cha ndani au cha nje, kwa kuwa hilo ndilo huamua bomba la waya litokee wapi. Waya wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, usikosekane, na karibu na kipande cha nje pawe na swichi isiyoingia maji ya kukatia umeme wakati wa matengenezo. Bomba la kutolea maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nalo linahitaji mteremko, kwa hiyo lichorwe kwenye ramani hiyo hiyo ya ukuta ili lisigongane na la waya.

Kabla lipu haijapigwa, fundi apime uimara wa kihami cha waya, yaani ganda linalozuia umeme usivuje, kwa kipimo cha volti 500; kisomo kilicho chini ya megaomu 1 kinamaanisha kuna kasoro, kama waya uliojeruhiwa au unyevu. Kisha piga picha za kuta zote, ukiweka futi ya kupimia pembeni mwa kila bomba.