Jinsi nilivyotatua tela lililokuwa likivuta upande

Tela langu, ambalo hulitumia kubebea mwani mkavu kutoka Micheweni hadi Wete, lilianza kuvuta kushoto muda mfupi baada ya kubadilishwa springi, na tairi la upande huo likawa linalika ukingo wa ndani. Kwanza nilishuku upepo, kisha nikailaumu barabara. Vyote viwili havikuwa na hatia.

Jawabu nililipata nilipolala chini ya tela na tochi. Kuzunguka nati za yuboliti, yaani zile boliti zilizopinda zinazobana ekseli na springi, kulikuwa na vumbi jekundu la kutu iliyosagika, na nati mbili nilizizungusha kwa vidole.

Nililiinua kwa jeki, nikaweka magogo chini ya chesisi (jeki peke yake siiamini), nikafungua kila kitu. Boliti ya katikati, ambayo kichwa chake huingia katika tundu la kitako cha ekseli ili ekseli isihame, ilikuwa imelika nusu. Niliibadilisha pamoja na yuboliti zote nne, kwani yuboliti iliyokwisha kuvutika haishiki vyema hata ikikazwa upya. Fundi alikuwa amepaka rangi nene kabla ya kufunga, nayo iliposagika ikaacha nafasi. Niliikwangua yote, kisha nikakaza nati kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa spana inayopima nguvu.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo nilizikaza tena, na kila moja ilikubali kuzunguka kidogo. Safari ya pili hazikusogea.