Kitabu kilikuwa humo humo ndani

Bwana asifiwe wapendwa. Leo naandika moyo ukiwa umechoka kidogo, mtanivumilia. Wengi wenu mwajua mimi ni mwalimu wa darasani, na siku hizi nasomea ukutubi (kazi ya maktaba) jioni na wakati wa likizo ili nije nishike maktaba ya shule. Sasa wiki hii pale stafurumu mwenzangu akanitania, "Ticha, yaani waacha chaki ukawe soja wa vitabu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini lile neno nilivuka nalo feri mpaka Likoni na usiku likaninyima usingizi. Manake hata nyumbani kuna wanaoona nimeshuka cheo.

Basi nikafungua 2 Wafalme 22 na tangu siku hiyo sijatoka hapo. Ni mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, hekalu linakarabatiwa, pesa zipo, maseremala wapo, waashi wapo, mbao na mawe yananunuliwa, na katikati ya pilkapilka hizo Hilkia kuhani mkuu anamwambia Shafani mwandishi kwamba amekiona kitabu cha torati katika nyumba ya Bwana. Katika nyumba ya Bwana jamani! Makuhani walikuwa wakiingia na kutoka, dhabihu zinatolewa, na kitabu cha Mungu kimo ndani ya nyumba ya Mungu na hakuna ajuaye kiko pembe gani.

Kwenye kozi tunafundishwa jambo hilo hilo. Kitabu ambacho hakijasajiliwa, hakina namba mgongoni, au kimepangwa pasipo pake, hesabu kwamba huna. Tunatumia namba za Dewey, yaani mpango wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada, dini iko 200, Biblia 220, sayansi 500, fasihi 800, na ukiteleza ukakipanga cha 530 pale kwa 350, kitakaa miaka mbele ya macho ya watu na kila anayekiulizia ataambiwa hakipo. Kuna siku nilikuwa kwenye mazoezi, napangusa ukungu (mwajua hili joto letu la Mombasa na unyevu wake, kitabu kikikaa kwa boksi kinanuka na kurasa zinagandana), chini ya boksi nikakuta atlasi mpya kabisa, bado ziko ndani ya nailoni. Mtoto aliyekuwa akinisaidia akaichukua moja, akaigeuza geuza, akaniuliza polepole, "Mwalimu, hizi ni za shule? Tunaruhusiwa kushika?"

Nilikosa la kumjibu. Zilifungiwa zisichafuke.

Kuna mtu anaitwa Ranganathan, Mhindi, alikuwa akifundisha hisabati huko Madras kabla hajapewa maktaba ya chuo kikuu mwaka 1924. Ule ukimya ulimshinda mwanzoni, akataka kurudi darasani (nikamwelewa sana!), mpaka alipokwenda London kusomea kazi yenyewe ndo akaona maana yake. Mwaka 1931 akaandika sheria zake tano za ukutubi na ya kwanza ni fupi tu, vitabu ni vya kutumiwa. Si mtu wa imani yetu, lakini hapo kasema kweli.

Sasa wapendwa niruhusuni niseme na sisi wenyewe, na anayekasirika akasirike kwa upendo. Angalieni Shafani aliporudi kwa mfalme. Ripoti yake inaanza na pesa, watumishi wako wamezitoa zile fedha na wasimamizi wa kazi wameshapewa, halafu ndo anaongeza, Hilkia kuhani amenipa kitabu. Pesa kwanza, kitabu baadaye! Si ndivyo tulivyo? Harambee ya tailizi tunajua ilifika wapi, spika mpya tunajua bei yake, lakini kabati la Biblia za watoto lina kufuli na mwenye ufunguo hajulikani ni mama mlezi au ni mzee wa kanisa. Watoto wa sande skuli wanasomewa mstari mmoja kutoka kwa simu ya mwalimu. Halafu tunalia ati vijana hawalijui Neno, watalijuaje nasi tumelifungia? Yosia aliposomewa alirarua mavazi yake. Mfalme huyo, mwenye hekalu linalokarabatiwa, akaona ukarabati si kitu ikiwa baba zake hawakuyatii maneno ya kitabu hiki. Akatuma watu kwa Hulda nabii, mwanamke, wakaulize. Sisi twaulizana kuhusu mabati.

Na kufungua kabati peke yake hakutoshi. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa na chuo (kitabu) cha Isaya mkononi, tena anakisoma, na bado akamwambia Filipo nitawezaje kuelewa mtu asiponiongoza. Kwa hiyo anayeniita soja namwambia sawa, ila kazi yangu ni kumfungulia mtu mlango kisha nikae naye mpaka apate alichokuja kutafuta.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa pale kwa kabati na daftari la kusajili na lebo. Nahitaji vijana wawili wenye mwandiko mzuri. Na tafadhali, aliye na ule ufunguo aje nao, tusije tukavunja kufuli.