Adhabu na kiwango ndani ya kitenzi kimoja

Mwishoni mwa Agosti 2013, jijini Moscow, tulipewa taarifa fupi ya kutafsiri kwa Kiingereza: sheria ya kuendesha gari ukiwa umelewa ilikuwa inabadilika kuanzia tarehe 1 Septemba. Kichwa cha habari kilibebwa na kitenzi kimoja cha Kirusi, «ужесточить», husomwa uzhestochit. Mwenzangu wa zamu alishaandika "tighten", yaani kukaza. Kamusi ilikuwa upande wake, taarifa haikuwa.

Kitenzi hicho maana yake ni kufanya kitu kiwe zhyostkiy zaidi, yaani kigumu, kisichopindika. (Wanaoanza hukichanganya na zhestokiy, katili.) Mrusi hukitumia kwa adhabu, udhibiti, masharti, vikwazo, hata msimamo wa mtu kwenye mazungumzo. Kiingereza huvigawa. "Tighten" hufuata kitu chenye mwanya wa kupenyea: udhibiti, masharti ya visa, vikwazo, sera ya fedha ya benki kuu. Adhabu huchukua "stiffen" au "toughen", msimamo, "harden". Hata sisi tunakaza masharti, ila adhabu tunaiongezea ukali. "Crack down" tuliitupa mapema, maana hiyo ni misako na kamatakamata, na uzhestochit inaweza kuishia kwenye karatasi.

Mtego ulikuwa aya ya tatu ya taarifa. Dereva aliyenaswa mara ya kwanza hapo awali alinyang'anywa leseni tu, kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Sasa angetozwa pia faini ya rubli 30,000. Lakini sheria hiyohiyo ilifuta kiwango cha sifuri kilichowekwa 2010, ikaruhusu kipimo kisichozidi miligramu 0.16 za pombe kwa lita moja ya pumzi. Adhabu imepanda, kiwango kimelegezwa. Ukiandika "Russia tightens drink-driving law", msomaji ataamini kiwango nacho kimebanwa, na Kirusi hakikusema hivyo: kilitaja adhabu peke yake.

Tukaandika "stiffer penalties for drink-drivers", na kiwango kikapewa sentensi yake. Nomino ya kitenzi hicho, uzhestocheniye, ambayo Warusi hawachoki kuirudia, tuliivunja kila ilipojitokeza. "The tightening of" mara tatu kwenye ukurasa mmoja hunuka tafsiri. "Stricter" au "tougher" mbele ya nomino hutosha.