Kutoka Windows Live Mail hadi Thunderbird: uzoefu wangu katika ofisi ndogo za Malindi

Hoteli ndogo na nyumba za wageni kadhaa hapa Malindi bado zina Windows Live Mail, programu ya zamani ya barua pepe ya Microsoft, kwenye kompyuta ya mapokezi. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2017, lakini kwa kuwa barua ziliendelea kuingia, hakuna aliyejali. Kilichowaamsha wengi ni Google: tangu 30 Mei 2022, Gmail ya kawaida haipokei programu inayojitambulisha kwa jina na nywila ya akaunti tu, na Live Mail haiwezi OAuth2, yaani kuingia kupitia dirisha la Google lenyewe bila kuipa programu nywila. Nywila maalumu ya herufi 16, ambayo Google huitoa kwa ajili ya programu kama hiyo, huiokoa kwa muda. Mimi naona ni heri kuhamia Thunderbird, programu ya barua pepe ya bure.

Kabla ya kugusa chochote nafungua mipangilio ya akaunti na kutazama namba ya poti. 993 ni IMAP: barua ziko kwenye seva, na kuhama ni kuingia upya tu. 995 ni POP, na hapo ndipo penye kazi, maana barua za miaka huenda ziko kwenye mashine hiyo moja na kwingine hazipo. Akaunti ya zamani isifutwe. Nakili kwanza folda nzima ya Live Mail, iliyofichwa ndani ya AppData, uiweke kwenye diski ya nje.

Kisha natumia menyu ya Export ya Live Mail yenyewe, nikichagua folda zote, sio Inbox peke yake. Uthibitisho wa malipo mara nyingi umo kwenye Sent. Folda ya kupokelea iwe tupu na njia yake iwe fupi, mfano C:\barua, kwa sababu Windows hugoma njia ikipita herufi 260. Kila barua hutoka kama faili moja ya eml.

Kwenye Thunderbird akaunti ya Gmail naiweka kwa IMAP: kupokea ni imap.gmail.com poti 993, kutuma ni smtp.gmail.com poti 465, zote kwa SSL/TLS, uthibitishaji OAuth2. Dirisha la Google likikataa kuendelea, angalia kama Thunderbird imezuiwa kupokea kuki. Mashine ya Windows 7 haipiti toleo la 115.

Hapo hapo, kabla bando halijaisha, ondoa tiki ya kuhifadhi barua zote kwenye kompyuta, au weka kikomo cha siku 30. Folda ya All Mail, ambamo Gmail huonyesha tena barua za folda nyingine, nayo iondoe kwenye orodha, la sivyo barua ileile itashuka mara mbili.

Faili za eml huingia kwa nyongeza ya ImportExportTools NG. Tengeneza folda chini ya Local Folders (folda zilizo kwenye kompyuta yenyewe), ibofye kwa kitufe cha kulia, agiza ilete barua zote pamoja na folda ndogo. Wapo wanaoziburuta moja kwa moja hadi Gmail. Sishauri: kila kiambatisho kitapanda tena kwa intaneti, nafasi ya bure ni GB 15, na stima ikikatika katikati hujui kipi kimefika.

Thunderbird huweka folda nzima kwenye faili moja. Antivairasi ikiona barua moja yenye kirusi inaweza kuifungia Inbox yote, kwa hiyo iambie iiache folda ya profaili, yaani ile Thunderbird inamoweka barua zake. Pia gawa barua za zamani katika folda za kila mwaka. Faili ya zaidi ya GB 4 haikubali kunakiliwa kwenye flashi yenye muundo wa FAT32. Ukifuta barua, fanya Compact, kwani bila hiyo nafasi hairudi.

Anwani hutoka Live Mail kama faili ya CSV, yaani orodha ya maandishi matupu. Wageni wa Kiitaliano wako wengi, na jina kama Niccolò huharibika herufi ya mwisho; fungua faili kwa Notepad, ihifadhi kama UTF-8, ndipo uiingize.

Linganisha idadi ya barua folda kwa folda, kisha fungua viambatisho kadhaa vya zamani. Kanuni za kupanga barua hazihami, ziandike upya.