Nilivyolipia sororiti kwa hesabu za kamati ya harusi

Baba yangu amekuwa mweka hazina wa kamati za harusi mjini Morogoro tangu kabla sijazaliwa, na yeye ndiye aliyenifundisha, kwa simu, jinsi ya kulipia uanachama wa sororiti katika chuo kikuu cha Marekani ambacho hajawahi kukikanyaga. Ninaandika haya kwa sababu ushauri nilioupata kwa watu wanaoishi Marekani kwa miaka mingi ulikuwa mbovu, na ushauri wa mzee ambaye hadi mwezi wa pili aliamini kwamba sororiti ni aina ya kwaya ndio ulioniokoa.

Sororiti ni chama cha wanafunzi wa kike chuoni, chenye jina la herufi za Kigiriki, sherehe za siri za kuwapokea wanachama wapya, mara nyingi nyumba yake jirani na chuo, na udada ambao huambiwa utadumu hadi kaburini. Tawi nililojiunga nalo mwaka 2022, nikiwa mwaka wa pili, ni la mojawapo ya sororiti 26 zilizokuwa wakati huo chini ya shirikisho liitwalo National Panhellenic Conference, ambalo lilianza mwaka 1902. Mwenzangu wa chumbani, Mmarekani mweusi, aliingia upande wa pili, kwenye sororiti zilizoanzishwa na wanawake weusi kama Alpha Kappa Alpha, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908 na ambayo Kamala Harris ni mwanachama wake. Yeye alitoa fungu kubwa kwa mkupuo alipoingia, na tawi lake halikuwa na nyumba ya kulipia. Mimi nilikokwenda, malipo huja kama mvua za vuli: unadhani zimekatika, kumbe wingu jingine liko nyuma ya mlima.

Dada mmoja wa nyumbani, aliyenitangulia chuoni kwa miaka miwili, aliniambia nisiulize bei kabisa wakati wa kujiunga, kwa sababu nitaonekana maskini na hakuna atakayenialika. Mama mdogo, anayeishi Texas, aliniambia niweke kila kitu kwenye kadi ya mkopo kisha "Mungu atafungua njia." Ninampenda sana Mama mdogo, ila kadi yake mwenyewe bado inasubiri njia hiyo ifunguliwe.

Nilipompigia Baba na kumaliza shikamoo, nilimsomea kijitabu cha matawi, ambamo kila tawi lilikuwa limeandika ada ya mwanachama mpya. La kwangu lilisema kama dola 950 kwa muhula wa kwanza. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwanangu, hiyo uliyonisomea ni bajeti au ni matumizi?"

Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya harusi anajua tofauti yake. Bajeti ya kikao cha kwanza hutengenezwa ili wajumbe wasikimbie. Matumizi ni karatasi ile ambayo mweka hazina huisoma baada ya sherehe, kwa sauti ya chini, wakati wenzake wanamalizia soda. Baba anasema hajawahi kuona harusi iliyovunjwa na ukumbi au mpishi, kwa sababu hao hujadiliwa vikao vitatu mfululizo, bali ameona kamati zikitapika damu kwa ajili ya sare, maua ya meza kuu na mafuta ya gari la bibi harusi. Akaniagiza nisijaze fomu yoyote mpaka nimeona matumizi ya mtu aliyekwisha kulipa.

Sasa nitasimulia jambo ambalo ninajivunia kuliko shahada yenyewe. Ilikuwa mwezi wa nne, na muda huo ni muhimu, kwa sababu wiki ya kuchaguana, yaani ile ambayo matawi na waombaji huchaguana, ikifika mwezi wa nane wanachama hawaruhusiwi kuzungumza na waombaji nje ya mazungumzo yaliyopangwa, na mle ndani utasikia habari za upendo, si za faini. Nilikuwa nimepangwa maabara ya kemia pamoja na msichana wa mwaka wa tatu ambaye alikuwa mwanachama wa tawi lile. Jumapili moja usiku nilimkuta kwenye chumba cha kufulia nguo bwenini, sabuni imemwishia, nami nikamgawia yangu. Sikumwuliza sororiti inagharimu kiasi gani, kwa kuwa nilijua angenitajia dola 950. Nilimwuliza: "Katika vitu vyote ulivyotozwa, ni kipi kilichokukasirisha kuliko vingine?"

Mashine yake ilikuwa na dakika 38 za kuzunguka, na hakunyamaza hata moja. Alifungua programu ya malipo kwenye simu yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa uliopita juu ya safu ya senti, akaanza kushuka nami mstari kwa mstari huku nikinakili nyuma ya karatasi ya ripoti ya maabara. Palikuwa na ada ya tawi, ada ya makao makuu, bima, ada ya kuingizwa rasmi, na pini ya dhahabu yenye herufi za chama, ambayo peke yake ilikuwa kama dola 160 na ambayo, nilikuja kuelewa baadaye, si mali yako hata ukiilipia, maana ukiondolewa uanachama unairudisha. Palikuwa na ada ya picha. Palikuwa na kitu ambacho siwezi kukiita ila ada ya sebule, yaani malipo ya wale wasiolala kwenye nyumba ya chama lakini wanakaa kwenye makochi yake. (Baba aliuliza: "Mnaichakaza kiasi gani hiyo sebule?") Na chini kabisa palikuwa na faini tatu za dola 25 kila moja, kwa kukosa mikutano. Jumla ya muhula wake wa kwanza ilikuwa dola 1,180, na bado fulana hazimo. Akakiri kwamba kwa fulana, zawadi na magauni alikuwa ametumia "kama mia nne hivi, sipendi kuhesabu."

Fulana ndizo sare zetu. Kila tukio lina yake: siku ya kupokelewa, siku ya wazazi, mechi, mbio za hisani, hata fulana ya kutangaza kwamba kutakuwa na fulana nyingine. Moja ni dola 25 hadi 40, na hakuna anayekulazimisha kununua, kama vile ambavyo hakuna anayekulazimisha kununua kitenge cha sare ya harusi ya binamu yako.

Kwa hiyo nilikuwa na takwimu za kweli, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilikadiria mwaka mzima kuwa dola 2,100, nikagawa kwa miezi kumi ya masomo, nikapata 210 kwa mwezi, nikachora jedwali zuri lenye rangi na kulala usingizi mnono. Nilisahau kwamba sororiti haikutumii jedwali lako. Kabla Septemba haijaisha nilikuwa nimekwisha kutoa ada ya kujiandikisha kwa wiki ya kuchaguana, gauni la dola 90 nililolinunua kwa sababu nililiona kwenye picha ya kijitabu (wenzangu waliazimana, nami sikujua kwamba inaruhusiwa), na sehemu kubwa ya ile ada ya muhula. Viza yangu ya mwanafunzi hainiruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nazo ziwe za hapo hapo chuoni, na mimi nilikuwa nasukuma trei kwenye bwalo la chakula kwa dola 11 kwa saa. Mshahara wetu hutoka kila Ijumaa ya pili. Ada ilitakiwa Alhamisi.

Siku moja, ndiyo. Kwa siku hiyo moja nilitozwa dola 35 za kuchelewa. Juma lililofuata nikakosa mkutano kwa kuwa nilikuwa zamu, nikapigwa faini ya 25: zamu ya saa tatu ilikuwa imeniingizia 33, kwa hiyo niliosha vyombo vya watu mia kadhaa kwa faida ya dola 8 kabla ya kodi. Wiki mbili zile nilikula mchele na maharage ya kopo, pamoja na mikate midogo ya bwaloni ambayo msimamizi wangu alijifanya haioni ikiingia kwenye mkoba. Wasichana wenzangu walidhani nimeanza kufunga kwa sababu za afya, na mmoja akaniomba nimfundishe.

Baba hakunigombeza. Aliuliza tu: "Dharura uliiweka ngapi?" Sikuwa nimeiweka. Yeye huweka asilimia kumi katika kila bajeti, hata wajumbe wapige kelele vipi, kwa sababu mweka hazina asiyeiweka huitoa mfukoni mwake. Tuliandika upya usiku ule, na safari hii hatukugawa kwa miezi bali tulipanga kwa tarehe: kila kitu kinachojulikana kiliwekewa siku yake, kisha tukarudi nyuma kuona ni mishahara mingapi itakuwa imeingia kabla yake. Ofisi ya mishahara ya chuo inakubali kugawa malipo kwenye akaunti mbili ukijaza fomu, kwa hiyo dola 60 za kila mshahara zilianza kwenda mahali ambapo kadi yangu haifiki.

Niliyopaswa kuyafanya kabla ya yote ni kumwandikia mweka hazina wa tawi, binti wa miaka 20 aliyekuwa mpole kuliko nilivyomdhania. Kumbe kulikuwa na mpango wa kulipa kwa awamu nne, uliokuwa ukiombwa kabla ya tarehe ya ada na si baada yake, na kumbe zamu ya kazi ni udhuru halali wa kukosa mkutano ukiituma saa 48 kabla. Baraza la sororiti la chuo nalo lilikuwa na ruzuku ndogo kwa wanachama wapya. Niliandika insha, nikapata dola 300, na nikaambiwa kwamba waombaji walikuwa wachache mno. Nadhani wengine nao walikuwa wameambiwa wasionekane maskini.

Gauni jeupe la siku ya kuingizwa rasmi sikulinunua. Nilivaa lile la kipaimara, ambalo Mama alilituma kwa mgeni aliyekuwa anasafiri, nikalifumua kiunoni na kushusha upindo kwa mkono. Yaliyofanyika siku hiyo ni siri na sitayasimulia, ila naweza kusema hakuna aliyetazama mshono.

Mwaka uliofuata nikawa dada mkubwa, maana yake nilipewa mwanachama mpya wa kumlea na kumpa zawadi siku nne mfululizo. Wenzangu walikuwa wanatumia dola 150, wengine 250, kwa makapu yaliyojaa vikombe na mishumaa yenye herufi zetu. Mimi nilikuwa na doti mbili za kanga kutoka soko la Morogoro, ambazo Mama alizinunua kama shilingi 15,000 kila moja. Doti ina vipande viwili vinavyofanana. Siku ya mwisho nilikata doti mbele yake, nikampa kipande kimoja na kingine nikajifunga mwenyewe, kisha nikamtafsiria jina la kanga hiyo: "Undugu ni kufaana, si kufanana." Yule mtoto alilia hadi wanja ukamchuruzika. Kesho yake wasichana tisa walikuja kuniuliza kanga zinauzwa wapi, na moyo wa biashara ulinidunda kweli kweli, ila viza haina mzaha.

Kilichokaribia kuniangusha kwa kishindo hakikuwa kwenye karatasi ya maabara. Mkataba wa uanachama ulikuwa na kurasa tisa, nami nilikuwa nimesoma nne. Baba alipouliza idadi ya kurasa ndipo nilipokuta, ukurasa wa saba, kwamba kila mwanachama anawajibika kulala kwenye nyumba ya chama mwaka mmoja iwapo vitanda havijajaa. Wakati huo nilikuwa na miadi ya kesho yake kutia saini ya kupanga nyumba na marafiki wawili. Ningelipa kodi mbili. Niliahirisha, nikapiga hesabu, nikagundua kwamba nyumba ya chama, pamoja na chakula, ilikuwa nafuu kuliko bweni la chuo kwa zaidi ya dola elfu moja kwa muhula, na ada ya sebule ikafutika. Nilihamia kwa furaha, nikalala kitanda cha juu katika chumba cha watu wanne.

Baba alikuwa ananitumia shilingi 500,000 kila muhula. Nilipoanza zilikuwa kama dola 215. Mwishoni mwa mwaka 2023, dola ilipofika karibu na shilingi 2,500, zikawa 200 kabla ya makato ya kutuma. Tofauti hiyo tuliitoa kwenye sare. Mwaka wangu wa mwisho nilinunua fulana mbili tu.

Nilimaliza na dola 11 kwenye dharura, na zingekuwa 43 kama si ile picha. Siku ya kupigwa picha ya pamoja niliugua, nikatoa taarifa, na kwenye fremu ukutani jina langu lipo chini ya kidirisha kitupu. Nikatozwa dola 32 kwa kidirisha hicho. Niliandika barua tatu za kupinga, ya tatu ikiwa na vielelezo. Baba alisema mpiga picha wa harusi hulipwa hata na waliokuwa wamekwenda msalani. Nililipa jioni ya siku ya mwisho, kwa sababu kuchelewa kungeongeza 35.