Siku moja maishani mwangu: nakiziba chumba kisivuje hewa, Mikindani, Mtwara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipo saiti. Kumwagilia lipu ya jana, kuchekecha mchanga, kumpa kijana hela ya chapati. Wengi hudhani kujijengea nyumba ni kukaa kivulini ukiwanyooshea mafundi kidole. Waje wauone mgongo wangu.

Saa mbili napanda kufunga foili chini ya mabati kabla hayajawaka. Sebule ni ya kipwani: baraza pana, madirisha ya kupokea kusi na kaskazi, hakuna cha kuziba. Ninachokiziba ni chumba cha kulala tu, maana kitakuwa na kiyoyozi. Hapo ndipo mzee jirani hanielewi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, unajijengea friji?"

Nikamweleza. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ikipenya kwenye chumba kilichopoa inageuka maji ukutani, ukungu unafuata, na kiyoyozi kinakula umeme kukausha hewa ya barabarani. Hewa safi itaingia kwa bomba lenye feni ndogo na chujio. Jiko la mkaa humo ni marufuku, hewa yake ya sumu haionekani na inaua. Wajerumani wana nyumba za namna hii, zisizovuja hewa, mjini Darmstadt tangu 1991. Kipimo chao ni kwamba ukiisukuma hewa kwa shinikizo la paskali 50, isivuje zaidi ya 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa. Mimi hata nikipata robo ya ubora huo nitashukuru.

"Wao wana theluji. Wewe una nini?"

"Nina luku, babu."

Fundi wa aluminiamu tuliahidiana saa tatu. Saa nne nampigia: "Nipo njiani bosi, napita Naliendele." Ukitoka Mtwara mjini, Naliendele iko barabara ya Newala, Mikindani iko barabara ya Lindi! Saa sita na nusu ndiyo bodaboda inamshusha, na dirisha alilobeba ni la kuslaidi. Tulikubaliana la bawaba, lenye mpira unaobanwa likifungwa, kwa sababu la kuslaidi lina vibrashi tu na upepo unapita kama hauvioni.

"Bosi, hili ndilo la kisasa."

Akalipachika hivyo hivyo. Pembeni vidole viwili vinaingia. "Nitajaza silikoni." Silikoni ya kujaza pengo la vidole viwili! Nikawasha udi kuona upepo unapopenya, nikausogeza kwenye fremu. Moshi ukalala wote ndani. Akautazama, akasema leo upepo ni mkali. Tukasubiri upepo utulie, ndiyo, tukakaa kweli kwenye ndoo tukisubiri, jua la utosi, saidia fundi wake anacheka chinichini. Ukatulia. Moshi ukalala vile vile. Sasa akasema udi wangu ni mbaya.

Likashushwa. Kulishusha kulichukua muda kuliko kulipachika, na lipu ya kizingiti ikabanduka nayo. Alasiri yote ikaishia hapo, sijui saa ngapi nilikula. Kona za dari nilizokusudia kuziba leo nikazigusa mbili, jasho likiingia machoni, adhana ya magharibi ikanikuta bado juu ya ngazi.

Kabla ya kuondoka alinidai hela iliyobaki. Nikampa nauli ya bodaboda, nikamwandikia vipimo ukutani kwa penseli, akavipiga picha. Hiyo nyingine ataiona dirisha likifunga.