Na asubuhi wanamfanyaje?

Swali hilo baba aliliuliza Jumapili usiku, na leo Ijumaa bado linanizunguka. Wiki hii dada yangu Zuhura kaposwa, ofisini tumetangaziwa kwamba tawi letu litaunganishwa na la Korogwe, lakini nikikaa kwenye daladala asubuhi ninachokisikia ni sauti ya baba akimuulizia mlinzi wa ndani ya mchezo wa kompyuta, ambaye hata jina hana.

Mnajua tangu baba ahamie kwangu hukaa na mimi sebuleni mpaka usingizi umjie, na mtu aliyekesha kazini umri wake wote usingizi haumjii kabla ya saa nane. Saa hizo ndizo zangu za kucheza, bando la usiku likiwa nafuu na mtandao haukwamikwami sana kuifikia seva ya Ulaya. Mchezo ni uleule, The Elder Scrolls Online, unaochezwa na watu wengi mtandaoni, na kazi ni zilezile za chama cha wezi kule Abah's Landing, mji mmoja wa bandari humo. Wengine humo hupigana na madragoni. Mimi nimejichagulia Khajiit, wale watu-paka, aina ya Nightblade anayejifunika kiza kwa sekunde chache, na furaha yangu ni kuingia mahali penye walinzi na kutoka na mzigo bila mtu hata mmoja kugeuza shingo.

Jumapili nilikuwa kwenye Secluded Sewers, ile kazi ya mahandaki ya maji machafu. Niliinama nyuma ya pipa. Ukiinama, jicho linatokea katikati ya kioo: likifumba umefichika, likianza kufumbuka ujue kuna mtu anakuhisi. Mbele yangu alikuwa akipita mlinzi wa taa, wale ambao mwanga wao ukikuangukia kunyata kwako hakukusaidii kitu. Nilikuwa namngoja apite. Nikadhani baba anasinzia.

"Mama, huyo mwenye taa analinda nini?"

"Analinda mzigo, baba. Nataka kuuchukua asinione."

"Na asubuhi wanamfanyaje?"

"Nani?"

"Huyo. Mzigo ukionekana haupo."

Nikamwambia hawamfanyi kitu. Nikirudi kesho nitamkuta palepale, na taa yake, njia ileile. Baba akanyamaza, akamtazama yule mlinzi akienda mpaka mwisho wa handaki na kurudi.

"Basi ana tajiri mwema," akasema. Akainuka, akachukua kikombe chake, akaenda kulala.

Hakusema kwa kunisuta, baba hana tabia hiyo. Alimaanisha vilevile alivyosema, na hapo ndipo panaponiuma. Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba baba alikuwa mlinzi wa ghala, zamu ya usiku, marobota ya katani yakingoja meli. Sikuwahi kuandika habari ya turubai kwa sababu mwenyewe nimeisikia Jumatatu hii, nilipomuuliza alipokuwa akinywa chai. Nilikuwa darasa la nne. Usiku mmoja turubai tatu ziliondoka ghalani, na kesho yake wakati wa kukabidhi lindo baba akaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba zimepungua. Aliandika yeye, kwa mkono wake. Wakamkata mshahara mpaka turubai zote tatu zikalipika. Mwizi hakujulikana. Mwaka ule mimi nilivaa sketi ya shule ya Zuhura iliyopunguzwa kiunoni, mama akaniambia kitambaa kipya kimeadimika madukani.

Nikarudia tena na tena. Na asubuhi wanamfanyaje. Nani? Huyo. Ile "huyo" aliitamka kama anamtaja mtu wa mtaani kwetu.

Nimekuwa nikizipitia sheria za mchezo kichwani nikitafuta jibu bora kuliko lile nililompa. Mchezo ulipotoka mwaka 2014 ungeweza kuingia nyumba ya mtu, ukafungua makabati na mapipa yake, ukabeba, na mwenyewe kasimama anakutazama. Mwaka 2015 ndipo wizi ukawa na hukumu. Kitu cha mtu kikawa na alama ya mkono mwekundu, ukionekana unatozwa faini, askari akikukuta unalipa au unakimbia, na mali ya wizi haiuzwi duka la kawaida ila kwa wale wanunuzi wa mafichoni. Mwaka 2016 wakaleta chama cha wezi chenyewe, na rasi ya Hew's Bane ulipo mji wa Abah's Landing, na hizi kazi za kunyata ninazozipenda. Hesabu yote ni ya mwizi. Faini yake, namna inavyopungua yenyewe kadiri muda unavyopita, mahali pa kujificha, mpaka vikapu vya kujikunyatia ndani. Siku inayofuata kwa mlinzi haipo popote.

Na waliotengeneza si watu wa kulipua kazi. Vitu vya kuiba humo vimeandikiwa maelezo, kimoja kimoja. Unachomoa mwanasesere mfukoni mwa mtu, unasoma mstari mmoja kuhusu alivyotengenezwa, unajua kuna mtoto mahali fulani. Kitu chenye rangi ya zambarau, yaani cha daraja la juu, kinanunuliwa kwa dhahabu 1,500 za mchezo kabla hujajifunza kupatana bei, na mimi huwa naona vibaya kukiuza kabla ya kukisoma. Mtu alikaa, akamfikiria mwanasesere. Sasa yule anayezunguka na taa usiku kucha, mbona hakupata hata mstari mmoja? Nadhani wangeweza. Ingetosha nirudi siku ya pili nimkute mlinzi mwingine, na yule wa jana asionekane tena.

Jumatatu hadi Jumatano sikucheza. Sikuapa wala sikuchukia, niliwasha tu nikazima.

Jana ndiye baba aliyevuta kiti. Si kochi lake, kiti cha meza ya chakula, akakiweka karibu na bega langu.

"Leo huendi kule kwenye mahandaki?"

Nikaenda. Nilipofika kwa yule wa taa nikataka kupita nyuma yake, baba akanigusa mkono. "Ngoja. Atasimama pale penye ukuta." Akasimama. "Sasa hesabu." Tukahesabu pamoja, kwa sauti ya chini, kana kwamba angetusikia. Alipogeuka baba akasema, "Haya," nikapita.

Nilimuuliza kajuaje. Akasema kila mwenye lindo ana pahali pake pa kusimamia, hata akiambiwa azunguke usiku mzima, na mwizi mwenye akili huanza kwa kupatafuta hapo. Akaniambia wa taa nisimhofie sana, wa taa nitamwona kabla hajaniona. "Mwogope aliyesimama gizani hajawasha kitu. Mimi tochi nilikuwa siwashi." Baada ya kona mbili alikuwepo kweli mmoja wa namna hiyo, kaegemea ukutani, na baba ndiye aliyemwona. Mimi nilikuwa naangalia lile jicho tu, yeye alikuwa anaangalia watu.

Tulitoka na mzigo na hatukuonekana hata mara moja, na muda ulikuwa umebaki. Nilipiga makofi. Baba alicheka kile kicheko chake cha kifuani ambacho sijakisikia tangu kabla ya arobaini ya mama. Kisha akasema ile sentensi waliyokuwa wakiiandika kila alfajiri kwenye kitabu: "Lindo limekabidhiwa shwari." Akairudia akimtazama yule wa taa, ambaye alikuwa amerudi penye ukuta wake.

Akauliza kama humo hakuna kazi ya ulinzi, mtu akacheza upande ule. Nikamweleza kwamba waliwahi kutangaza mpango huo, wachezaji wawe askari na wawakimbize wachezaji wezi, halafu wakauacha.

"Hiyo ningecheza," akasema baba.

Miaka sabini na moja, na vidole vyake ni vizito kwenye kibodi. Lakini nimemfungulia mhusika wake. Kamchagua Redguard, moja ya jamii za watu humo, mzee mwenye mvi, kwa sababu eti wanatembea vizuri. Jana usiku alizunguka tu soko la Abah's Landing, akisimama kwenye kila mlango. Hakugusa kitu cha mtu.

Nilitaka niwasimulie habari za posa pia lakini Zuhura mwenyewe ataandika, na ya Korogwe nitaijua Jumatano tukikaa na meneja. Kinachonisumbua sasa hivi ni ule mwembe wa jirani. Tawi lake kubwa limelalia bati letu upande wa chumba cha baba, masika yako mlangoni, na mwenye nyumba ile yuko Pemba kwenye msiba, simu haipokei. Siwezi kukata mti wa mtu bila idhini yake. Leo nimemhamishia baba kitanda ukuta wa pili, yeye anasema namsumbua bure, na jioni hii upepo umeanza kuvuma kutoka baharini.